Maneno Niliyomkaririsha Tepu

Mimi ni fundi wa makochi. Nikifumua kochi kuukuu hukutana na maisha ya watu humo ndani: vijiko, hereni, funguo walizokwisha kuzililia, na mara moja nilikuta meno ya bandia ambayo mwenyewe alikana katakata kwamba ni yake. Makochi ndivyo yalivyo, yanameza. Lakini kochi la mwalimu mstaafu halikumeza kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyelilisha drili ya umeme, nikashona mto, nikavuta zipu, nikalipeleka kwake na kupokea shukrani.

Mwalimu aliketi, akainuka, akaketi tena. Akaniambia kwa upole kwamba mto mmoja una mfupa. Nilikasirika, maana kazi yangu naijua, nikaufungua ule mto pale pale mbele ya mkewe ili waone sponji yangu ilivyo safi. Ikatoka drili, bado ina kibandiko cha duka la jirani yangu.

Aliyeiviringisha ndani ya sponji ni mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Jina lake halisi walijue walimu. Sisi wengine tunamwita Tepu, kwa sababu kamba ya kupimia haimtoki shingoni. Mimi nalala chumba cha nyuma ya karakana, na yeye alikuwa analala mbele, kati ya makochi ya wateja, kuyalinda. Drili aliificha kwenye lundo la sponji akitafuta wa kumuuzia apate viatu vya mpira. Na mimi, kwa haraka zangu nilizozaliwa nazo, nikachukua kipande cha juu bila hata kukipapasa. Mpaka leo sijui nicheke au nilie.

Mwenye ile drili ni mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, ukuta kwa ukuta na mimi. Anauza misumari, bawaba, rangi, na kufuli za kila ukubwa, ndiyo maana mtaa unamwita Mzee Kufuli, ingawa mbele yake ni "mzee" tu, na kwa heshima zote. Tena jengo zima ni lake. Karakana yangu na chumba changu nimepanga kwake. Katika watu wote waliojaa duniani, Tepu alimchagua huyo kumwibia. Siku ile ningekuwa na nguvu ningemchapa.

Mbele ya hakimu wa watoto Tepu alikubali kosa lote. Jambo moja tu lilimshinda kusema: aliingiaje. Mlango wa duka haukuvunjwa, dirisha halikuguswa, kufuli zilikutwa zimefungwa vizuri. Kila alipoulizwa alijibu, "Niliingia tu." Akaulizwa kwa ukali, akajibu hivyo hivyo. Akabembelezwa, hivyo hivyo. Mwisho hakimu alichoka, akampeleka kwenye nyumba ya marekebisho ya watoto akisema huyu ana kichwa kigumu, na mimi nilitikisa kichwa kukubaliana naye.

Nilikuwa naenda kumwona kila siku ya kutembelewa. Kule kuna mwalimu mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, watoto wanamwita Mwalimu wa Kadi. Hafundishi kusoma wala hesabu. Anawafundisha kubadili mawazo pale njia moja inapogoma. Aliniambia kwamba wengi wa watoto wale si wabaya na si wajinga; wakikwama tu, wanajua kufanya jambo moja, na likishindikana wanalifanya tena kwa nguvu zaidi. Nilimtazama usoni nione kama ananisema mimi.

Akaniketisha nijaribu. Mezani kuna kadi nne zilizochorwa maumbo ya rangi mbalimbali, na wewe unapewa nyingine uzipange chini yake, moja baada ya moja. Mwalimu anasema ndiyo au anasema siyo, basi. Kanuni hakwambii. Niligundua upesi kwamba ni rangi: nyekundu chini ya nyekundu, kijani chini ya kijani. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikajiona hodari. Mara akaanza kusema siyo. Nikaweka nyekundu chini ya nyekundu, siyo. Nikaweka tena, nikiibamiza kidogo, siyo. Nikamwambia mwalimu apumzishe macho kwanza. Nyuma yangu watoto walikuwa wamejazana wakijiziba midomo.

Tepu akaniinamia. "Shangazi, kanuni imebadilika. Sasa tunatazama idadi."

"Nani kaibadilisha? Na kwa nini asiseme?"

"Hawasemi. Ndiyo mchezo wenyewe."

Mwalimu akanieleza kwamba Tepu naye alipofika alizitupa kadi zote dirishani, lakini sasa hakuna wa kumfikia. Anaambiwa siyo mara moja tu, tayari amekwishahama. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiamini kwamba rangi ilikuwa sahihi.

Baadaye akanijia dada wa ustawi wa jamii, msichana mtaratibu anayesikiliza kuliko anavyosema. Alikaa juu ya kochi lisilo na mito, akaniambia Tepu anaweza kurudi nyumbani mapema. Sharti ni moja. Kwa kuwa aliyeibiwa ni jirani wa mlango wa pili, lazima naye aridhie. Watakutanishwa, wataongea, na mzee akisema arudi, atarudi. Akisema hapana, atabaki kule mpaka awe mtu mzima. Dada alisema haya kwa sauti ile ile anayotumia kuomba maji ya kunywa, lakini mimi nilishindwa kuendelea kukata kitambaa.

Basi nikaingia kazini. Mzee Kufuli hana kelele, lakini hasira zake hazipoi. Tangu drili iibiwe alikuwa amebadilisha kufuli za duka lake mara tatu, na mtaa ukawa unamcheka kwa chinichini, muuza kufuli asiyeamini kufuli. Nikaona mtu wa namna hiyo hataki maelezo. Anataka adabu, maneno machache, kisha mtoto atazame chini. Siku ya kutembelewa nikamkaririsha Tepu: "Mzee, nimekukosea. Naomba unisamehe. Sitarudia tena." Akataka kuongeza la kwake, nikamkatiza. Nikamwambia usiku ule asiuguse hata kwa ncha ya ulimi, atamchemsha mzee upya.

"Na akiniuliza kitu kingine?"

"Rudia hayo hayo."

"Hata kama hayajibu alichouliza?"

"Hata kama. Unataka kurudi nyumbani au hutaki?"

Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, shangazi."

Tulikutana kwenye stoo ya nyuma ya duka, kwa sababu mzee alisema hawezi kufunga biashara kwa ajili ya maneno. Tuliketi juu ya ndoo za rangi, mimi na Tepu upande huu, mzee upande ule, dada wa ustawi katikati amebana mkoba magotini. Tepu alikuwa amerefuka. Shati lilimbana mabegani na mikono ilikuwa imezidi mikono ya shati. Akamwamkia mzee kwa sauti iliyokwisha kuanza kuvunjika.

"Shikamoo, mzee."

Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja. Tepu akasema maneno yetu, yote, bila kukosea hata moja, akatazama chini kama tulivyopanga. Nikashusha pumzi.

"Nimesikia," mzee akasema. "Uliingiaje humu?"

"Mzee, nimekukosea. Naomba unisamehe. Sitarudia tena."

"Hayo umeshasema. Sikukuuliza kama utarudia. Nimekuuliza uliingiaje."

"Mzee, nimekukosea," Tepu akaanza tena, na akaenda nayo mpaka mwisho.

Mara ya kwanza nilijisifu kwa kazi nzuri. Mara ya pili sikujisifu tena. Dada wa ustawi aliacha kuandika. Mzee alijisogeza mbele juu ya ndoo yake, akaweka viganja magotini, na nilipotegemea aanze kufoka, sauti yake ikashuka.

"Nisikilize, kijana. Drili nilirudishiwa, na msamaha wako siuhitaji sana. Duka hili lilikuwa na funguo mbili tu. Mmoja nilikuwa nalala nao. Wa pili alikuwa nao mwanangu mkubwa, ambaye alikuwa ananisaidia hapa. Mlango haukuvunjwa. Ningefikiri nini?" Alingoja kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. "Nilimwambia ndiye aliyekufungulia. Aliapa mbele ya mama yake, sikumsikiliza. Nikamfukuza. Mpaka leo simu yangu hapokei. Nakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumuuliza. Mwanangu alikupa ufunguo, au hakukupa?"

Mimi nilijua kijana yule amehama. Mtaa ulisema amepata kazi mbali. Tepu yeye hakujua hata kama amehama, nililiona hilo usoni pake. Alifungua mdomo, akasema, "Mzee, nimekukosea," na hapo maneno yakamkauka.

Nilikasirika. Nilisema moyoni, kadi zote zile, sifa zote zile, leo mtoto amerudi kuganda kama siku ya kwanza. Nikanyoosha vidole nimfinye pajani. Kumbe alikuwa hamtazami mzee, alikuwa ananitazama mimi. Akainua macho juu, mara moja, akayashusha.

Nikatazama alikotazama. Juu kulikuwa na dari. Mbao zake ni zile zile za karakana yangu, rangi ile ile ya maziwa, zimewekwa na fundi yule yule mvivu. Ukuta unaotutenganisha na mzee unafika kwenye dari na kuishia hapo. Kutoka hapo kwenda juu hakuna kwangu wala kwake, ni paa moja tu lililofunika jengo zima.

Ndipo nikaelewa. Alipita kwangu. Mlango uliotafutwa miaka yote ulikuwa karakana yangu, juu ya makochi ninayoyashona, hatua chache kutoka nilipokuwa nakoroma. Na mwenye jengo ndiye huyu niliyeketi naye uso kwa uso. Akiamua kunitoa atanitoa, na nikitoka hapo hakuna karakana, hakuna chumba, hakuna nyumbani pa mtoto kurudi. Tepu alilijua hilo tangu siku aliyosimama mbele ya hakimu. Tuliposema ana kichwa kigumu, alikuwa ananilinda mimi. Hata pale stoo hakuwa ameganda. Alikuwa ameshaona njia nyingine na anangoja ruhusa yangu, kwa sababu njia hiyo ilipita juu ya kichwa changu.

Niliona aibu, nikaona mapenzi, nikaona woga, vyote kwa pamoja. Nisingependa kusema uongo: niliwafikiria wateja wangu, nikaifikiria mashine yangu nzito ya kushonea, nikajiuliza nitaihamishia wapi. Ningenyamaza tu, mtoto angenyamaza nami. Angerudi kule na maneno yangu mdomoni, akae mpaka aote ndevu, na mzee angenunua kufuli ya nne.

"Mwambie," nikasema.

"Shangazi?"

"Yale maneno yangu yaache. Mwambie mzee ulivyofanya, tangu mwanzo."

Tepu alijifuta viganja kwenye suruali. "Hakuna aliyenipa ufunguo, mzee. Nilipandanisha makochi kwetu, nikasukuma ubao wa dari, nikapanda. Nikatambaa juu mpaka huku, nikashukia pale." Akaonyesha kona iliyo juu ya rafu ya bawaba. "Ule ubao haujapigiliwa, umeegeshwa tu. Nikarudi njia ile ile. Mlango wako sikuugusa. Mwanao hata hakuniona."

"Shangazi yako alijua?"

"Amejua sasa hivi, hapo alipoketi."

Mzee alinigeukia. Sikujitetea. Akasimama, akachukua ufagio, akausukuma ule ubao kwa mpini. Ukainuka bila ubishi wowote, na vumbi la miaka likammwagikia begani. Akausukuma tena, akauacha ushuke. Alifanya hivyo mara kadhaa, akitazama ile nafasi nyeusi. Pembeni yake, kwenye rafu, kufuli zake mpya zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa.

Nilingoja atufukuze. Badala yake aliketi, akatoa simu mfukoni, akapiga. Tulisikia ikiita upande wa pili mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, akiibonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ukucha ukageuka mweupe, kana kwamba ikibonyezwa zaidi itapokewa. Nilimhurumia. Ubonyezaji ule naujua, ni wangu.

Dada wa ustawi akauliza kwa upole kama tuahirishe mpaka siku nyingine. Mzee hakumsikia. Alikuwa anapiga.

"Mzee," Tepu akasema. "Akiona ni wewe hatapokea. Mpigie kwa namba asiyoijua."

"Namba asiyoijua naitoa wapi?"

Tepu alinigeukia mimi na kunyoosha mkono. Nikatoa simu yangu kwenye mfuko wa aproni, kioo chake kimepasuka, nyuzi za kitambaa zimejaa kwenye tundu la chaji, nikampa. Naye akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee aliandika namba bila kuitafuta popote. Ikaita kidogo tu.

"Halo. Nani mwenzangu?"

Spika ya simu yangu imeharibika, inatoa sauti kubwa upende usipende, kwa hiyo stoo nzima tulimsikia kijana. Mzee alifungua mdomo. Mtu ambaye mtaa mzima unamwogopa, mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

"Halo? Kama husemi nakata."

Mzee akamtazama Tepu, na sijawahi kumwona mtu mzima akimtazama mtoto vile.

"Anza na dari," Tepu akamnong'oneza.

"Ilikuwa dari," mzee akasema kwenye simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mwanangu, ni mimi. Alipita kwenye dari. Hukumpa mtu ufunguo. Ulisema kweli, baba, ulisema kweli tangu siku ile."

Upande wa pili palikuwa kimya, lakini simu haikukatwa. Dada wa ustawi alinitazama, nami nikamtazama, hakuna aliyejua kama tukae au tuondoke. Mzee akatuona. Akaziba simu kwa kiganja.

"Mtoto arudi kwao," akamwambia dada. Kisha akanielekezea kidole mimi. "Na wewe, kesho utaniletea fundi wa kuinua huo ukuta mpaka kwenye bati. Nitamlipa mimi. Ila mchanga atabeba huyo." Akamaanisha Tepu.

Tukatoka kupitia dukani, tukakuta mteja anasubiri kuuziwa misumari. Dada akaanza kumwambia kwamba mzee hayupo, Tepu akamwambia yupo, ila asubiri kidogo. Nilimshika mtoto wangu shingoni, pale kamba ya kupimia inapokaa. Nilikuwa nalia na sikutaka mteja yule aone.

Simu yangu mzee aliileta mwenyewe jioni, imezimika kwa kuishiwa chaji.